Mkutubi wa Somo na Hazina za Kidijitali za Vyuo

Neno "dijitali" limeingia katika mipango ya vyuo vyetu kwa kasi, na aghalabu limeingia likiwa limeshikana na hesabu ya vifaa: kompyuta kadhaa, mashine za kunakili kurasa kwa picha, mahali pa kuhifadhia nakala hizo, na ada ya kila mwaka ya kufungua majarida ya ng'ambo. Ni mara chache sana tunapokuta katika mipango hiyo mstari unaomtaja mtu atakayeamua ni kurasa zipi zinakiliwe kwanza, zipi zisinakiliwe kamwe, na kila kitu kiitwe kwa jina gani ili anayekitafuta akipate. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mtu huyo ndiye kiini cha kazi yote. Hazina ya kidijitali isiyo na mkutubi anayelijua somo lenyewe, na anayeijua lugha ambayo somo hilo limeandikwa, ni ghala lenye taa nyingi.

Tunaposema "mkutubi wa somo" tuna maana ya mkutubi ambaye, juu ya ujuzi wake wa ukutubi, amesoma fani fulani kwa kiwango cha kuweza kujadiliana na waalimu wa fani hiyo, iwe ni theolojia, sheria, historia au lugha za Kiafrika. Hatuna maana ya mtunza funguo, wala mpiga mhuri wa tarehe. Wajerumani humwita Fachreferent, na kwao ni desturi ya siku nyingi kwamba mtu huyu kwanza humaliza masomo yake ya chuo kikuu katika fani, ndipo hufundishwa kazi ya maktaba. Tunaanza na Wajerumani kwa sababu mbili. Wao ndio waliojaribu kuifanya kazi hii kuwa mpango wa taifa zima, na sehemu kubwa ya picha na maandishi ya miaka ya mwanzo ya makanisa ya Kilutheri katika Tanganyika imo mikononi mwa taasisi zao.

Mwaka 1949, nchi ingali magofu ya vita, Ujerumani Magharibi ilianza kugawanya masomo kati ya maktaba zake kubwa. Kila maktaba ilibebeshwa dhima ya kukusanya kila kilicho muhimu katika somo lake, kiwe kinaulizwa leo au hakiulizwi. Theolojia ilikuja kuwa mzigo wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Tübingen, na Afrika kusini ya Sahara ikawa ya Frankfurt. Matunda ya Tübingen twayafahamu: Index Theologicus, orodha ya makala na vitabu vya theolojia ambayo leo hufunguliwa na yeyote mwenye intaneti bila malipo. Mwanafunzi wa Arusha anayetafuta nini kimeandikwa juu ya Waraka kwa Wagalatia huitumia sawa na mwenzake wa Heidelberg, na nyuma ya kila ingizo katika orodha hiyo ipo kazi ya mtu aliyeitazama makala akaamua inahusu nini.

Hata hivyo mpango huo haukudumu kama ulivyokuwa. Tangu mwaka 2014 uliondolewa hatua kwa hatua, na mahali pake pakawekwa huduma za habari kwa kila fani, zinazogharimiwa kwa vipindi vya miaka mitatu mitatu na kutakiwa kuthibitisha kila mara kwamba zinawafaa watafiti wa sasa. Wenye kutetea mageuzi hayo wana hoja: kulikuwa na vitabu vilivyokaa rafuni miaka arobaini bila kufunguliwa. Lakini sisi tunaona kwamba kitu fulani kilipotea hapo. Mkutubi wa zamani alikusanya kwa ajili ya msomaji ambaye bado hajazaliwa. Wa sasa anasukumwa kukusanya kwa ajili ya msomaji anayejaza hojaji. Tena haki za kusoma majarida ya kulipia zinazonunuliwa na huduma hizo kwa kawaida ni za watafiti waliomo Ujerumani, basi sisi tulio nje tunabaki na yale tu yaliyoachwa wazi. Na kwetu hakuna wa kutuzibia pengo hilo. Mipango ya kimataifa inayozifungulia nchi zetu majarida ilianza na tiba mwaka 2002, ikafuata kilimo mwaka 2003, baadaye mazingira, ufundi na sheria. Hakuna mlango uliojengwa kwa ajili ya theolojia.

Picha na majina yake

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Chama cha Misheni cha Leipzig kilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wamisionari wake walipiga picha nyingi: makanisa, shule, maharusi, wazee wenye mikuki, waalimu wa Kiafrika pamoja na wanafunzi wao. Picha hizo sasa zinaonekana katika hazina ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California huko Los Angeles, pamoja na za Wamoraviani wa Herrnhut na za vyama vingine vya misheni. Tunaisifu kazi hiyo bila kusita. Mtu wa Machame ambaye asingeweza kamwe kulipa nauli ya kwenda Leipzig anaweza leo kuutazama uso wa babu wa babu yake akiwa ameketi nyumbani.

Anaweza, ikiwa ataipata picha. Mmisionari aliandika chini ya picha yake kwa Kijerumani na kwa tahajia ya Kijerumani. Machame ni Madschame, Moshi ni Moschi, Arusha ni Aruscha, na Wachagga ni Dschagga. Mwenye kuandika "Machame" katika kisanduku cha kutafutia hatapata picha iliyoandikwa Madschame, isipokuwa pawe na mtu aliyeongeza jina la leo kando ya jina la zamani. Mtu huyo lazima ajue mambo matatu kwa pamoja: kwamba herufi dsch ni jaribio la Mjerumani la kuandika sauti isiyokuwamo katika abjadi yake, kwamba jina la mahali laweza kuwa la umangi wa zamani na si la kata ya leo, na kwamba usharika ulioitwa kwa jina la kijiji kimoja huenda leo unahesabiwa chini ya kingine. Hakuna mashine inayozaliwa na ujuzi huo.

Tena mara nyingi maneno ya chini ya picha humtaja mmisionari kwa jina lake kamili na mwenzake Mwafrika kwa cheo tu: "mwalimu mwenyeji", "Mkristo na mkewe". Mkutubi mwenye elimu ya historia ya kanisa atajua kwamba barua za mwaka za misheni, vitabu vya ubatizo na kumbukumbu za sharika huwataja waalimu hao kwa majina. Akiyalinganisha maandishi hayo na tarehe ya picha, aghalabu ataweza kumrudishia mtu jina lake. Kazi hiyo huchukua siku nzima kwa picha moja. Msimamizi wa mradi anayepima maendeleo kwa idadi ya picha zilizonakiliwa kwa juma ataihesabu siku hiyo kuwa imepotea.

Huko Frankfurt swali ni gumu zaidi. Maktaba ya chuo kikuu hicho inatunza picha za Shirika la Kikoloni la Ujerumani, lililoundwa mwaka 1887, nazo zilizotiwa katika kompyuta ni kiasi cha 55,000. Nyingi zilikusanywa ili zionyeshwe katika mihadhara ya kuwavutia raia wa Ujerumani waipende biashara ya makoloni. Maelezo yake yaliandikwa kwa nia hiyohiyo. Je, mkutubi wa leo afanye nini na maelezo yanayomwita mtu kwa jina la kumdharau? Wapo wanaosema yafutwe. Sisi tunasema yaachwe, kwa kuwa nayo ni ushahidi wa jinsi watawala walivyotazama; lakini yasiachwe peke yake. Yatengwe mahali pa "maneno ya awali", na juu yake yawekwe maelezo mapya yenye tarehe, ili msomaji ajue ni nani anayesema na lini. Kuitenganisha sauti ya mwaka 1905 na sauti ya leo ndani ya rekodi moja ni kazi ya mhakiki wa matini, na kila mwanafunzi wa Agano la Kale aliyejifunza kutenganisha vyanzo ameshaianza bila kujua.

Lugha inayobadilika mwanzoni

Lipo tatizo jingine ambalo wajenzi wa mifumo ya ng'ambo hawalioni kwa sababu lugha zao haziwaonyeshi. Kiingereza hubadilisha maneno yake mwishoni. Kwa hiyo mifumo mingi ya kutafutia humruhusu msomaji kuandika mwanzo wa neno, akatia alama ya nyota, na kompyuta ikamletea miisho yote. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Anayetafuta "mchungaji" hataletewa "wachungaji", wala "uchungaji", wala "kichungaji"; na mifumo mingi haikubali nyota itangulie neno. Mchagga, Wachagga, Uchagga na Kichagga ni vitu vinne visivyojuana machoni pa kompyuta. Dawa yake ni ya zamani, nayo ni orodha ya maneno teule ya somo, iliyotungwa na mtu anayejua kwamba maneno hayo ni ya ukoo mmoja na akayaunganisha chini ya kichwa kimoja. Orodha kama hiyo ya theolojia kwa Kiswahili ingevifaa vyuo vyote vya Afrika Mashariki, na haihitaji umeme kuianza. Yatosha daftari na subira.

Tunajua jibu tutakalopewa. Tutaambiwa kwamba programu za sasa zinasoma maandishi zenyewe, zinafasiri, zinajibu maswali kwa sentensi kamili, basi mambo ya vichwa vya masomo na maneno teule yamekwisha wakati wake. Hatuzibezi programu hizo. Lakini gazeti la misheni la mwaka 1900 limechapwa kwa herufi za Kijerumani cha kale, ambamo s ndefu hufanana mno na f. Neno "sala" lililochapwa kwa herufi hizo mashine yaweza kulisoma "fala", na msomaji wa Kiswahili anajua mwenyewe umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili. Kosa lililokwisha kuingia katika maandishi, programu ya kujibu maswali italirudia kwa ufasaha mkubwa.

Hali ni hiyo hiyo, na pengine mbaya zaidi, kwa miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika mwandiko wa kale usiorekebishwa, p na b huweza kuandikwa kwa herufi moja, na e na i kwa irabu moja. "Pata" na "bata" huweza kuonekana sawasawa, na ni anayejua utenzi unahusu nini tu atakayejua lipi limekusudiwa. Kwa sababu hiyo hazina bora za miswada hiyo zilitokana na watu wa somo. W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, aliandika tungo za Muyaka akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Karatasi zake zipo London katika chuo cha SOAS. J. W. T. Allen alikusanya miswada mingi iliyowekwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake ikachapwa na Brill, Leiden, mwaka 1970. Tunapolinganisha kazi ya namna hiyo na hazina zilizojengwa na mafundi wa kompyuta peke yao, tofauti huonekana katika ukurasa wa kwanza: katalogi ya mtu wa somo hukuambia utenzi unaanzaje, unahusu nini, na ni mswada upi mwingine unaofanana nao. Ya fundi hukuambia ukubwa wa faili.

Lakini tusimfanye mtu wa somo kuwa malaika. Katalogi ya miswada ya Kiswahili iliyomo katika maktaba za Ujerumani, iliyochapwa mwaka 1993, ni kazi ya Ernst Dammann, aliyekuwa mchungaji wa Kilutheri huko Tanga katika miaka ya 1930 na ambaye alikusanya mashairi ya Lamu. Dammann alikijua Kiswahili kwa kina ambacho wachache wamekifikia. Naye alikuwa mwanachama wa chama cha Wanazi. Anayeitumia katalogi yake leo, nasi tunashauri itumike, na ajue mambo hayo mawili kwa pamoja. Ujuzi wa somo hauondoi haja ya kumhoji mjuzi.

Jambo hilo lafahamika vema pia katika majina ya masomo yenyewe. Sanford Berman, mkutubi Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, alitoa mwaka 1971 kitabu kizima cha kuvikosoa vichwa vya masomo vya Maktaba ya Bunge la Marekani, na miongoni mwa vichwa alivyovikataa kilikuwamo kile kilichowaita watu wa kusini mwa Afrika "Kafirs". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa neno hilo limetoka wapi. Kichwa hicho kiliondolewa baadaye. Mpango wa Dewey ungali mgumu zaidi kubadilika: namba 220 mpaka 289 ni za Biblia na Ukristo, dini zote nyingine za ulimwengu zimesongamana kutoka 290, na dini za jadi za Afrika zimewekwa 299.6. Chuo chochote cha theolojia chenye kufundisha dini za Kiafrika kwa dhati hujikuta kimeweka vitabu vya somo zima nyuma ya nukta moja. Tatizo hili lilipokuwa la rafu lilikuwa la nafasi tu. Sasa namba hizohizo zinahamishiwa katika mifumo ya kidijitali, ambamo hakuna rafu, na hakuna sababu ya kuzihamisha isipokuwa mazoea.

Vyuo vyetu

Chuo cha theolojia kina neema ambayo chuo kikuu kikubwa hakina: maktaba yake yote, kwa sehemu kubwa, ni ya somo moja. Mkutubi wake ni mkutubi wa somo hata kabla hajapewa cheo hicho, au angekuwa hivyo kama angefundishwa theolojia na kuitwa katika vikao vya waalimu. Tunachokiona mara nyingi ni kinyume. Mkutubi huitwa mtaala ukiisha kupitishwa ili aambiwe vitabu gani anunue, na mradi wa kidijitali ukija hukabidhiwa ofisi ya kompyuta. Halafu twashangaa kwamba hazina iliyojengwa kwa fedha za wafadhili ina nakala elfu kadhaa za vitabu vya Kiingereza ambavyo vimo tayari katika hazina nyingine kumi duniani, ilhali tasnifu za wanafunzi wetu wenyewe, ambazo hazipo popote pengine, zimo kabatini.

Tasnifu hizo ndizo ambazo chuo chetu, na si Tübingen wala Los Angeles, kingeweza kuupa ulimwengu. Ndani yake mna mahojiano na wazee waliobatizwa enzi za wamisionari wa mwisho, historia za sharika, mafumbo, taratibu za mazishi, mabishano juu ya mahari. Lakini papo hapo ndipo penye hatari ambayo mwenye mashine haioni. Mzee aliyezungumza na mwanafunzi mwaka 1988 alijua kwamba maneno yake yatasomwa na msahihishaji na pengine na mwalimu mmoja. Hakukubali yasomwe na kila mtu mwenye simu. Zimo tasnifu za uchungaji zinazosimulia ugomvi wa ndoa, ugonjwa na toba za watu ambao watoto wao wangali wanaishi katika usharika huohuo, na majina yamebadilishwa kwa namna ambayo jirani yeyote ataitambua.

Jambo hili lina mfano mkubwa katika historia yetu. Bruno Gutmann wa Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliandika mafundisho ya jando ya Wachagga katika juzuu tatu zilizochapwa Ujerumani kati ya mwaka 1932 na 1938. Ni kazi ambayo mtafiti wa mila za Wachagga hawezi kuipita, nasi tungefurahi kuiona imefasiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo mafundisho hayo yalikuwa ya wanaoingizwa, yakitolewa kwa mdomo, kwa wakati wake, na kwa watu wake. Gutmann alikufa mwaka 1966. Kwa sheria ya Ujerumani haki ya mwandishi juu ya vitabu vyake itakwisha mwishoni mwa mwaka 2036. Sheria itakuwa imemaliza neno lake hapo. Swali la ukoo ambao mafundisho yake yamo humo litakuwa bado halijaulizwa, na hakuna wa kuliuliza katika maktaba isipokuwa yule anayejua ni kurasa zipi zina nini.

Kwa tasnifu zetu jambo la kuanzia ni jepesi. Mkutubi azisome, si kwa kuonja bali zote, azitenge mafungu matatu: za kufunguliwa kwa wote, za kusomwa ndani ya maktaba tu, na za kurudishwa kwa mwandishi ili aseme. Kwa zile zinazoandikwa sasa, mwanafunzi apewe karatasi mbili kabla hajaenda kuhoji, moja ya kutiwa sahihi na yeye na nyingine na mzee anayehojiwa, ikieleza kwa Kiswahili kwamba maneno haya huenda yakasomwa na watu wa mbali na ikiuliza kama jina litajwe. Karatasi hizo zaweza kuanza kutumika muhula ujao, kabla mashine yoyote haijanunuliwa.